Historia ya Nyigu Waishio Pamoja

Neno historia likitajwa, mara nyingi mawazo yetu huwaendea wafalme na vita vyao, majahazi yaliyovuka bahari kwa pepo za kaskazi na kusi, na miji ya mawe iliyojengwa pwani. Hayo yote ni historia kweli, msomaji, lakini si historia yote. Kila kiumbe aliye hai ana ukoo wake, na kila ukoo una habari za mahali ulikotoka, mambo uliyoyapitia, na njia ulizozifuata mpaka ukafika hapa ulipo leo. Tofauti ni kwamba binadamu ameziandika habari zake, au amewasimulia wajukuu kando ya moto. Viumbe wengine hawakuandika wala hawakusimulia. Mtu anayetaka kuijua historia yao hana budi kuitafuta mahali pengine.

Katika insha hii tutaitafuta historia ya mdudu ambaye karibu kila mwanafunzi amekutana naye, pengine kwa machungu. Mdudu huyo ni nyigu. Tutawatazama hasa nyigu waishio pamoja katika nchi za joto, kwa sababu huko ndiko aina zao zilikozidi kuwa nyingi. Swali letu ni hili: imekuwaje mdudu ambaye mababu zake waliishi peke yao, kila mama na chumba chake, akawa leo na nyumba ya wengi, yenye mama mmoja au wachache wanaozaa, na dada wengi wasiozaa ambao hujenga, huwinda, hulea na hulinda? Na nyumba hizo zilieneaje duniani?

Kwanza yafaa tumjue nyigu mwenyewe, maana watu wengi humchanganya na nyuki. Nyuki huwalisha watoto wake chavua na maji matamu ya maua. Nyigu ni mwindaji. Yeye mwenyewe hunywa utamu wa maua na wa matunda, lakini watoto wake huwalisha nyama, hasa ya viwavi. Kiuno chake ni chembamba, na anapotua huyakunja mabawa yake ya mbele kwa urefu kama mtu akunjavyo barua. Mwiba wa nyuki wa asali hubaki katika ngozi ya mtu, naye nyuki hufa. Nyigu huchomoa mwiba wake akadunga tena na tena. Jamaa ya nyigu tunaowazungumza, ambayo wataalamu huiita Vespidae, ina aina zipatazo 5,000. Katika hizo, kama 1,000 tu ndizo zinazoishi pamoja. Zilizosalia, kila mama hufanya kazi peke yake mpaka kufa kwake. Hesabu hiyo yatuonyesha jambo la kwanza katika historia hii, kwamba kuishi pamoja si tabia waliyopewa nyigu wote tangu mwanzo. Ni jambo lililotokea baadaye, kwa wachache.

Ukoo wenyewe ni wa zamani mno. Wachimbaji wamepata visukuku vyake, yaani mabaki ya wadudu yaliyogeuka mawe, vyenye umri wa zaidi ya miaka milioni 100, wakati madinosau walipokuwa wangali wakitembea juu ya nchi. Huko Florissant, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, majivu ya volkano yaliwafunika wadudu wengi katika ziwa la kale kiasi cha miaka milioni 34 iliyopita. Miongoni mwao alionekana nyigu wa ukoo wa mavu, akapewa jina la Palaeovespa katika mwaka wa 1906. Wengine walinaswa katika utomvu wa miti, na utomvu huo ukagandamana ukawa kaharabu, nao wamo humo hadi leo na mabawa yao. Ukitaka kuupima urefu wa zamani hizo, kumbuka kwamba binadamu mwenye umbo kama letu amekuwapo duniani kwa miaka kama 300,000 tu.

Hata hivyo jiwe ni shahidi mwenye mapungufu. Laweza kuhifadhi bawa na mishipa yake, lakini haliwezi kuhifadhi tabia. Huwezi kuona katika jiwe kama mama alimlisha mwanawe kinywani, au kama binti alibaki nyumbani kumsaidia mama yake. Kwa hiyo twamwita shahidi wa pili, yaani nyigu walio hai. Hapa tuna bahati njema, kwa sababu hatua nyingi za safari ya kale zingali zinaonekana miongoni mwa aina za leo. Mtu akisimama bandarini aweza kuona mtumbwi wa gogo, ngalawa yenye mirengu, mashua na jahazi, vyote vikielea mahali pamoja. Jahazi lile halikutokana na mtumbwi ule ulio kando yake; hata hivyo, akivilinganisha ataelewa jinsi ufundi wa vyombo ulivyoweza kukua hatua kwa hatua. Vivyo hivyo nyigu wa leo si babu wa wenzake, lakini kila mmoja hutuonyesha namna ya maisha ambayo mababu waliweza kuipitia.

Mmoja wa watu wa kwanza kuzipanga hatua hizo aliifanya kazi yake katika bara letu hili. Alikuwa Mfaransa, jina lake Émile Roubaud. Kati ya mwaka wa 1906 na 1908 alikuwa Brazzaville, katika nchi ya Kongo, pamoja na wenzake waliotumwa kuchunguza ugonjwa wa malale na mbung'o wanaoueneza. Macho yake hayakutosheka na mbung'o. Aliwatazama pia nyigu wa Afrika, na katika mwaka wa 1916 alichapisha maelezo marefu juu yao.

Sikiliza aliyoyaona. Kuna nyigu wafinyanzi waitwao Synagris, ambao hujenga vyumba vya udongo. Katika aina moja, mama hutaga yai, kisha huwinda viwavi na kuwadunga mwiba wakapooza bila kufa. Huwajaza chumbani, huufunga mlango kwa udongo, akaenda zake. Mtoto akianguliwa hula akiba hiyo gizani, wala mama hatamwona mwanawe kamwe. Katika aina nyingine ya wafinyanzi hao hao, mama haufungi mlango upesi. Hungoja mpaka yai lianguliwe, na kila siku humletea mwanawe tonge la nyama ya kiwavi aliyoitafuna mwenyewe. Mlango hufungwa mtoto akiwa amekua. Tofauti hiyo ni ndogo kwa kuitazama, lakini ni kubwa kwa maana yake: hapo mama na mwana wamekutana.

Hatua iliyofuata Roubaud aliiona kwa Belonogaster, nyigu mrefu mwembamba anayepatikana karibu kote katika Afrika ya joto, na ambaye hupenda kujenga chini ya mapaa ya nyumba. Huyu hajengi kwa udongo, hujenga kwa karatasi. Hukwangua nyuzi za miti na majani makavu, huzitafuna pamoja na mate, kisha huzitandaza zikawa sega jepesi la kijivu lililoning'inia kwa kikonyo. (Katika mwaka wa 1719 mtaalamu Réaumur aliwaambia wenzake mjini Paris kwamba nyigu anatufundisha kuwa karatasi yaweza kufanywa kwa miti, siku hizo Ulaya ilifanya karatasi kwa matambara.) Katika sega hilo mama huwalea watoto wengi kwa wakati mmoja. Mabinti wakiwa wakubwa, baadhi yao huondoka, na wengine hubaki wakawalisha wadogo zao. Kwa umbo, mama na mabinti hawana tofauti kubwa. Hakuna aliyezaliwa malkia, wala hakuna aliyezaliwa mtumishi. Nyumba imekwisha kuwa ya wengi, lakini cheo cha kila mmoja hakijaandikwa mwilini mwake.

Hapo, msomaji, ndipo penye fumbo kubwa la historia hii. Kwa nini binti abaki? Ana mabawa, ana mwiba, na mara nyingi anaweza kuzaa. Anayebaki akamlelea mama yake bila kuzaa mwenyewe hana mtoto wa kuirithi tabia yake hiyo ya kusaidia. Basi tabia hiyo ingepaswa kutoweka katika kizazi kimoja. Mbona haikutoweka, bali ilizidi?

Wengine watasema kwamba analazimishwa. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Katika miaka ya 1940 Mtaliana Leo Pardi aliwachunguza nyigu wa karatasi waitwao Polistes, akaona kwamba majike wa kiota kimoja hupangana kwa ngazi za ukubwa. Mmoja huwakemea na kuwauma wenzake, nao hujiinamisha mbele yake. Yeye hutaga, wao huenda kuwinda. Lakini kulazimishwa peke yake hakuelezi kwa nini mnyonge asiruke akaenda zake, ilhali mlango wa kiota chao uko wazi mchana kutwa.

Jibu la pili lilitoka kwa Mwingereza William Hamilton katika mwaka wa 1964. Yeye alisema kwamba urithi wa kiumbe haupiti kwa watoto wake tu. Ndugu zake pia wanazo chembe za urithi kama zake, na akiwasaidia waishi, chembe hizo huendelea mbele. Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji; Hamilton aliupima uzito huo kwa hesabu. Nyigu jike hutokana na yai lililorutubishwa, lakini dume hutokana na yai lisilorutubishwa, yaani hana baba. Kwa sababu hiyo dume huwapa binti zake wote urithi ule ule mmoja bila kupungua. Dada wa mama mmoja na baba mmoja hushirikiana robo tatu za urithi, hali mama na binti yake hushirikiana nusu tu. Hesabu hiyo iliwafurahisha wataalamu wengi, kwa maana ilionekana kama kwamba fumbo limefumbuliwa.

Ila ushahidi haukukubali kumalizika upesi hivyo. Katika Bara Hindi, mjini Bangalore, mtaalamu Raghavendra Gadagkar pamoja na wanafunzi wake walitumia miaka mingi kumtazama nyigu mmoja tu, Ropalidia marginata. Walimtia kila nyigu alama ya rangi ili waweze kumtambua mmoja mmoja, kama mwalimu ajuavyo majina ya darasa lake. Waligundua kwamba malkia hupandana na madume kadha, na tena malkia hubadilika mara kwa mara, huyu akiondoka yule akishika nafasi. Kwa hiyo wakazi wengi wa kiota si dada wa baba mmoja na mama mmoja, nao hulea watoto ambao udugu wao ni wa mbali. Robo tatu za Hamilton hazipatikani humo.

Basi Gadagkar alieleza sababu nyingine mwaka wa 1990. Mtoto wa nyigu huhitaji kulishwa kwa wiki kadha. Mama aliye peke yake akishikwa na ndege siku ya kumi, watoto wote hufa, na kazi yake yote imepotea. Lakini anayelea katika nyumba ya wengi, hata akifa katikati ya kazi, wenzake watawalea wale aliowaanza. Katika dunia ambayo kifo cha ghafula ni cha kila siku, kazi isiyopotea ina thamani kubwa. Sababu hizi, yaani udugu, nguvu ya mkubwa, na hofu ya kuwaacha yatima, hazigombani. Kila moja ina sehemu yake, na uzito wake hutofautiana katika aina mbalimbali za nyigu.

Tumetaja kifo cha ghafula. Katika nchi za joto adui mkuu wa nyigu ni chungu na siafu, ambao kwa kweli ni jamaa zake wa mbali, maana chungu na nyuki wote wametokana na mababu waliokuwa nyigu. Safu ya siafu ikikifikia kiota, mayai na majana yote huliwa. Mmarekani Robert Jeanne alionyesha katika mwaka wa 1979 kwamba hatari ya chungu huzidi kadiri mtu anavyokaribia ikweta. Adui huyo ameacha alama yake katika ujenzi wa nyigu. Kile kikonyo chembamba kinachoshika sega si pambo. Ndiyo njia pekee ya kuingilia, nayo ni nyembamba ili iwe rahisi kuilinda. Jeanne huyo huyo alionyesha katika mwaka wa 1970, akimchunguza nyigu mmoja wa Brazili, kwamba jike hupaka kikonyo dawa itokayo tumboni mwake, na chungu akiifikia hurudi nyuma.

Nyigu wengine walikwenda mbali zaidi. Walilifunika sega kwa ganda la karatasi lenye tundu dogo la mlango, wakaacha desturi ya mama mmoja kuanza kiota peke yake. Wakitaka kuhama, malkia kadha na wafanyakazi wengi huondoka kwa kundi, wakajenga nyumba mpya kwa siku chache, bila kupita ule wakati wa hatari ambapo mama hana msaidizi. Desturi hiyo ya kuhama kwa kundi imezuka zaidi ya mara moja katika koo mbalimbali za nyigu, na zaidi katika nchi za joto. Kule kwenye baridi, viota vingi hufa kila mwaka, na majike wachache waliopandwa hujificha mpaka majira ya baridi yapite, kisha kila mmoja huanza upya. Kwetu hakuna theluji ya kuivunja nyumba; yaweza kuendelea mwezi hata mwezi, ikakua.

Sasa na tumwite shahidi wa tatu, yaani ramani. Tukiandika juu ya ramani ya dunia mahali pa kila ukoo wa nyigu hao, twaona kwamba hawakutapakaa ovyo.

Tuanze na Asia. Toka Bara Hindi ya kusini mpaka Guinea Mpya kuna nyigu wadogo, wembamba, wenye kuelea hewani, ambao wataalamu huwaita Stenogastrinae. Hukaa katika misitu yenye unyevu, mara nyingi karibu na vijito, na nyumba yao kwa kawaida huwa na wakazi wachache mno, pengine hawafiki kumi. Afrika hawamo hata mmoja.

Afrika ina Belonogaster, ambaye aina zake nyingi ni za bara hili na Madagaska. Inaye pia Ropalidia, ambaye safari yake ni ndefu: yupo Afrika, yupo Bara Hindi, yupo katika visiwa vya Asia ya kusini mashariki, na amefika Australia ya kaskazini. Jamaa yao mwingine ni Polybioides, mwenye kuhama kwa kundi. Huyu anapatikana katika misitu ya Afrika ya magharibi na ya kati, na tena katika misitu ya Asia ya kusini mashariki, lakini katikati ya nchi hizo hayupo. Mtu atauliza, je, aliruka? La hasha. Kumbuka kwamba Arabuni na nchi jirani zake hazikuwa jangwa sikuzote. Palikuwa na zamani za unyevu ambapo miti na wanyama wa Afrika na Asia waliweza kukaribiana. Nchi ilipokauka, waliokaa katikati walitoweka, wakabaki wa pande mbili, kama ndugu waliotengwa na mto uliofurika.

Tukivuka Atlantiki tunafika Amerika ya kusini na ya kati, ambako nyigu waishio pamoja ni wengi kuliko mahali pengine popote. Huko kuna Mischocyttarus, mwenye aina zipatazo 250, ambaye karibu aina zake zote ni za nchi hizo za joto. Huko pia kuna ukoo mzima wa wahamao kwa kundi, unaoitwa Epiponini, ambao hauna mwenziwe katika bara lingine. Mmoja wao, Agelaia vicina wa Brazili, ameonekana na kiota chenye wakazi zaidi ya milioni moja. Ulinganishe mji huo na sega la Belonogaster chini ya paa letu, lenye wakazi wanaoweza kuhesabiwa.

Mwisho kuna Polistes, mwenye aina zaidi ya 200, ambaye ameenea katika kila bara lisilo la barafu. Uchunguzi wa chembe za urithi uliotangazwa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba chimbuko lake ni Asia ya joto. Aina zote za Amerika ni tawi moja la mti huo, ambalo lilipofika huko lilizaa matawi madogo mengi. Mavu nao, ambao ni jamaa wa karibu wa nyigu wa karatasi, wana makao yao makubwa katika Asia na nchi za kaskazini. Mmoja wao, mavu wa mashariki, ameingia Afrika kwa upande wa kaskazini mashariki, lakini ukoo huo haukuenea wenyewe katika misitu na mbuga za Afrika ya kati na ya kusini.

Ramani hiyo imesaidia kulijibu swali ambalo liliwagawanya wataalamu kwa muda mrefu: je, kuishi pamoja kulianza mara moja tu katika jamaa hii, au zaidi? Katika mwaka wa 1982 Mmarekani James Carpenter, akilinganisha maumbo na tabia, alionyesha kwamba nyigu wote waishio pamoja ni wa tawi moja, maana yake babu yao wa kwanza aliyeanza kuishi pamoja alikuwa mmoja. Maelezo yake yalikuwa ya makini, na vitabu vingi viliyafuata. Katika mwaka wa 2007 wataalamu wengine walisoma chembe za urithi, wakasema: la, ni mara mbili. Wale wadogo wa Asia, Stenogastrinae, walijitenga na mti zamani sana, wakaanza maisha yao ya pamoja kivyao. Nyigu wa karatasi na mavu wakaanza yao mbali nao, na ndugu zao wa karibu ni nyigu waishio peke yao. Mashindano ya hoja yaliendelea. Kisha katika mwaka wa 2018 ulitangazwa uchunguzi mkubwa zaidi, uliotumia chembe nyingi zaidi, nao pia ukasema ni mara mbili. Miongoni mwa majina ya walioutangaza lilikuwamo jina la Carpenter mwenyewe.

Nakuomba msomaji utue kidogo hapo. Mtu alitetea neno kwa miaka zaidi ya 30; ushahidi mpya ulipokuja, alisaidia kuupima, na matokeo yalipokwenda kinyume cha neno lake alitia jina lake chini yake. Mwanahistoria wa wafalme na mwanahistoria wa nyigu wanafungwa na sheria hiyo moja. Na jibu lenyewe lina uzito wake. Kama njia ya kutoka upweke hadi nyumba ya wengi ilipitwa mara mbili na koo mbili zisizofuatana, basi njia hiyo haikuwa ajali tupu. Mama akianza kumlisha mwanawe siku kwa siku, na hatari ikiwa nyingi nje, mlango wa kuishi pamoja huwa umefunguliwa nusu.

Katika zamani zetu safari za nyigu zimebadilika. Kwa mamilioni ya miaka waliendelea kwa mabawa yao, bonde hata bonde, wakizuiwa na bahari, jangwa na baridi. Leo husafiri katika shehena zetu. Jike mmoja aliyepandwa, akijificha kati ya mbao au ndani ya sanduku, anatosha kuanza taifa. Nyigu wa Ulaya aitwaye Vespula germanica alionekana New Zealand katika mwaka wa 1945, na katika mwaka wa 1974 alionekana Rasi ya Afrika Kusini. Polistes dominula, wa Ulaya pia, alionekana huko Rasi katika mwaka wa 2008. Huko New Zealand, ambako hapakuwa na nyigu wenyeji wa kuishi pamoja, wageni hao wamewapokonya ndege na wadudu wa misituni chakula chao. Bahari iliyokuwa ukuta kwa miaka mamilioni imekuwa njia kwa muda wa maisha ya mtu mmoja, nasi ndio tuliofungua.

Nyigu wa kwetu nao wana historia yao papa hapa, nayo mara nyingi huchomwa moto na watu wasiojua wanachochoma. Nyigu wanaojenga mlangoni mwa darasa la watoto wadogo ni hatari, na ni haki kuwaondoa, kwa mkono wa mtu mzima ajuaye kazi hiyo. Kuna watu ambao miiba ya nyigu huweza kuwaua. Lakini kiota kilicho mbali na njia, juu ya mti au penye paa la ghala, huwinda viwavi wanaokula mboga za shamba tangu asubuhi hadi jioni, bila kudai mshahara.

Basi ukikiona kiota cha namna hiyo, simama mbali kwa hatua kadha, usikitupie jiwe, ukitazame kwa utulivu. Je, ni cha udongo au cha karatasi? Kama ni cha karatasi, kina ganda au sega li wazi? Kikonyo kiko wapi? Nani anarudi na tonge la kiwavi, na nani anampokea? Je, waweza kumtambua mama kwa umbo lake, au wote ni sawa? Andika uliyoyaona, pamoja na tarehe, urudi tena wiki ijayo. Roubaud alianza hivyo hivyo katika Kongo, kwa macho na kalamu, naye hakuwa ametumwa kuwatazama nyigu.